Jeki ya upepo na mikono mia moja

Alhamisi ya tarehe 28 Mei mwaka 2015, katika barabara ya Hoe Street, mtaa wa Walthamstow, kaskazini mashariki mwa London, mtu mmoja aliyekuwa akiendesha baiskeli ya gurudumu moja alibanwa chini ya basi la ghorofa. Watu wapatao 100 waliokuwa wakipita njia na waliokuwa madukani walilizunguka basi hilo, wakalishika kwa pamoja na kulinyanyua kwa mikono mitupu hadi mtu yule akatolewa. Alipelekwa hospitali akiwa na majeraha makubwa, lakini akiwa hai. Basi la aina ile lina uzito wa takriban tani 12.

Magazeti ya hapa Uingereza yaliliandika tukio hilo kama muujiza. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki na kuja kuishi katika jiji hili tulifurahi kama wengine, ila hatukushangaa sana. Kwetu kunyanyua gari kwa mikono ili kumwokoa aliyebanwa chini yake ndiyo njia ya kawaida, na mara nyingi ndiyo njia pekee. Lori likipinduka, wa kwanza kufika ni wauza mahindi, vijana wa bodaboda, utingo wa malori mengine na wanakijiji waliosikia kishindo. Mmoja anaita "harambee", wengine wanaitikia, na chuma kinatikisika. Wakati mwingine majeruhi anatoka. Wakati mwingine mikono inachoka, gari linarudi chini, na aliyekuwa akipumua anaacha kupumua.

Hoja yetu leo ni fupi. Moyo ule wa watu mia moja ni wa kujivunia, lakini hauwezi kuwa ndio mpango wa uokoaji wa nchi. Kifaa cha kufanya kazi ya mikono ile kipo, kinaingia kwenye buti ya gari dogo, na kinachokiendesha ni upepo tu. Tunaamini kwamba serikali zetu na sisi tunaoishi ughaibuni tumechelewa mno kukipeleka pale kinapohitajika.

Kila dereva wa Afrika Mashariki anazijua jeki za zamani. Ipo jeki ya chupa, inayotumia mafuta ya haidroliki. Ipo ile ndefu ya chuma yenye meno na mpini, ambayo wazee waliiita Tanganyika jeki. Jina hilo limekaa kwetu kiasi cha kuingia katika mzaha wa mtaani: askari akimnyanyua mtuhumiwa kwa kiuno cha suruali mpaka atembee kwa ncha za vidole, watu husema amepigwa Tanganyika jeki. Jeki hizi ni nzuri kwenye barabara ngumu na gari likiwa limesimama sawasawa. Lakini zinahitaji mambo mawili ambayo ajali mara nyingi haitoi: nafasi ya kutosha kati ya ardhi na chuma, na ardhi isiyozama. Gari lililolalia ubavu halina mahali pa kuchomeka jeki ya chupa. Na katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, jeki hiyo huzama yenyewe kabla gari halijapanda.

Jeki ya upepo inatatua matatizo hayo yote mawili. Ziko za aina mbili, na ni muhimu msomaji azitofautishe.

Ya kwanza ni mfuko mkubwa unaojazwa kwa moshi wa ekzosi ya gari lenyewe au kwa pampu ndogo. Unaulaza chini ya gari lililokwama, unachomeka bomba lake kwenye ekzosi, injini inanguruma kidogo na mfuko unavimba. Shinikizo lake ni dogo, pungufu hata ya upepo wa tairi la gari dogo, lakini kwa kuwa mfuko ni mpana, uzito unatawanyika na hauzami kwenye tope wala mchanga. Hii ni ya wasafiri na madereva wa magari ya porini. Inasaidia kuweka mbao au mawe chini ya tairi ili gari litoke. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu kuingia chini ya gari.

Ya pili ndiyo tunayoizungumzia hasa, yaani mfuko wa uokoaji wa shinikizo kubwa. Ni kama zulia dogo la mpira mzito lenye nyuzi ngumu ndani yake, nyuzi za jamii ile ile inayotumika kutengeneza fulana za kuzuia risasi. Ukiwa mtupu una unene wa sentimita mbili au tatu tu, kwa hiyo unapita kwenye upenyo ambao hata mkono unapita kwa taabu. Unajazwa kutoka kwenye mtungi wa hewa, ule ule ambao wazima moto huubeba mgongoni wanapoingia kwenye moshi, kupitia kifaa cha kupunguza nguvu ya hewa na vali ambazo mwendeshaji anazifungua na kuzifunga akiwa amesimama mbali na hatari.

Nguvu yake inatoka wapi? Hesabu ni ya darasani. Mifuko mingi ya aina hii hujazwa kwa shinikizo la takriban kilo 8 kwa kila sentimita moja ya mraba. Huo ni upepo unaokaribiana na ule wa tairi la lori. Chukua mfuko wenye upana wa nusu mita kila upande. Eneo lake ni sentimita za mraba 2,500. Zidisha kwa 8, unapata kilo 20,000, yaani tani 20. Mfuko mmoja, mtu mmoja kwenye vali, na basi zima la Walthamstow halifiki uzito huo. Ni kweli kwamba kadiri mfuko unavyovimba na kuwa mviringo ndivyo eneo linalogusa mzigo linavyopungua na nguvu yake kushuka, na ndiyo maana waokoaji hujaza kwanza mapengo kwa mbao ili mfuko usilazimike kupanda juu sana. Lakini hata nusu ya tani hizo inatosha kumtoa mtu chini ya matatu au lori dogo.

Upepo kubeba mzigo si jambo geni katika jiji hili. Mwaka 1847 Mskochi Robert William Thomson alifanyia majaribio magurudumu yake ya upepo katika bustani ya Regent's Park hapa London, miaka 41 kabla ya John Boyd Dunlop kulipatia umaarufu tairi la upepo. Kila lori linalotoka Mombasa kwenda Malaba, au Dar es Salaam kwenda Tunduma, linatembea juu ya upepo na linafunga breki kwa upepo. Tunaubeba ujuzi huo kila siku kwenye barabara zetu, lakini hatujauweka kwenye kazi ya kuokoa.

Sasa tuseme wazi jambo ambalo wauzaji hawalipi uzito wa kutosha. Mfuko peke yake hauokoi mtu. Kinachookoa ni mfuko pamoja na kabari. Kanuni ya waokoaji duniani kote ni kwamba ukiinua inchi moja, unajaza inchi moja: kila gari linapopanda kidogo, mwenzako anasukuma kipande cha mbao au kabari chini yake, ili mfuko ukipasuka au ukiteleza, gari liangukie mbao na si kifua cha majeruhi. Hakuna mtu anayeingiza hata mkono chini ya mzigo ulioshikwa na upepo mtupu. Mifuko haipangwi zaidi ya miwili, na mkubwa hukaa chini. Upande usioinuliwa lazima uzuiwe kwanza, gari lisije likabingirika. Haya yote hayahitaji shahada. Yanahitaji mazoezi, tena ya mara kwa mara, na rundo la mbao zilizokatwa vizuri. Mbao hatujawahi kuzikosa.

Liko pia jambo la tiba, na hili nalo lina historia ya London. Wakati ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiushambulia mji huu katika Vita vya Pili vya Dunia, madaktari wa hospitali ya Hammersmith waliwaona watu waliotolewa kwenye vifusi wakiwa wanazungumza vizuri, kisha wakafa siku chache baadaye kwa figo kushindwa kufanya kazi. Mwaka 1941 Eric Bywaters na mwenzake Desmond Beall waliandika kuhusu hali hiyo katika jarida la madaktari wa Uingereza. Leo inafahamika kwamba msuli uliobanwa kwa muda mrefu hufa na kutengeneza sumu, na mzigo ukiondolewa sumu hiyo huingia kwenye damu kwa mkupuo na kushambulia moyo na figo. Maana yake si kwamba mtu aachwe chini ya gari. Kumtoa mapema ndiyo kinga ya kwanza, na hapo ndipo kifaa cha haraka kinapohitajika. Lakini aliyekaa saa nyingi anahitaji mganga awe pembeni yake na maji ya mshipani yawe yameanza kabla ya vali kufunguliwa. Kwa hiyo kuinua gari na kutibu mtu ni kazi moja.

Tuirudishe hoja nyumbani. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena liliacha njia katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho nchini Kenya, likavamia matatu, bodaboda na akina mama waliokuwa wakiuza bidhaa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Usiku ule, mvua ikinyesha, polisi walisema kwamba huenda bado kuna mtu mmoja au wawili waliobanwa chini ya lori. Sentensi hiyo tuliisoma tukiwa hapa London, kwenye simu zetu, ndani ya treni za kwenda kazini. Kila mmoja wetu aliyesafiri njia ile anaujua mteremko, anaijua harufu ya breki zilizoungua, na anawajua wale wauza viazi. Hatusemi kwamba mfuko wa upepo ungewarudisha waliokufa palepale. Tunasema kwamba mtu aliyebanwa chini ya lori usiku, kwenye mvua, anastahili kitu zaidi ya kusubiri kreni itoke mji mwingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi hizo ndizo zetu. Kwetu tumezoea kusema ajali haina kinga. Methali hiyo imetufariji kwenye misiba mingi, na hatuitupi. Lakini hata kama ajali haina kinga, kifo kinachokuja saa mbili baada ya ajali, kwa sababu hakuna aliyeweza kuinua chuma sentimita 10, kinga yake ipo.

Tazama walivyofanya wenyeji wetu hapa. Kwa miaka mingi sheria ya Uingereza ilimtambua mzima moto kwa kazi ya moto tu, ingawa kwa vitendo alikuwa akiwatoa watu kwenye magari yaliyopondeka. Sheria ya huduma za zimamoto na uokoaji ya mwaka 2004 ndiyo iliyoufanya uokoaji wa ajali za barabarani kuwa wajibu wa kisheria Uingereza na Wales. Kazi ikishakuwa wajibu, inakuwa na fungu katika bajeti, inakuwa na mafunzo, na kuna mtu wa kuulizwa isipofanyika. Zimamoto ya London ina magari maalumu ya uokoaji yanayobeba vifaa vya kuinulia mizigo mizito. Hata hivyo siku ile Walthamstow wapita njia walitangulia kuinua. Jiji lenye vituo vya zimamoto zaidi ya 100 bado lilihitaji mikono. Basi mikono haitakwisha kazi hata tukipata vifaa, na ndiyo maana tunasema wananchi nao wafundishwe.

Kwetu sheria ipo. Tanzania ina sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na neno "uokoaji" limo ndani ya jina lenyewe la jeshi hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya zimamoto na kukabiliana na maafa. Kilichobaki ni kuuliza swali dogo ambalo mwananchi yeyote anaweza kumuuliza diwani, mbunge au gavana wake: kwenye barabara kuu inayopita katika eneo letu, kifaa cha kuinulia lori kiko wapi, na kitafika baada ya dakika ngapi?

Kuna wasomaji watakaotucheka. Watasema wilaya nzima haina gari la maji linalotembea, ninyi mnatuletea hadithi za mifuko ya upepo. Tunaielewa hasira hiyo, na tunajibu kwamba ndiyo sababu hasa ya kuanzia hapa. Seti ya kitaalamu ya mifuko hii inauzwa kwa maelfu kadhaa ya pauni. Si kidogo, lakini haikaribii bei ya gari la zimamoto. Haihitaji maji, haihitaji umeme, na inabebwa kwa pikapu. Isitoshe, iko mahali ambapo ingekaa vizuri bila kujenga chochote: kwenye mizani. Vigwaza, Mikese, Mariakani, Gilgil, kote huko malori husimama mchana na usiku, kuna taa, kuna watumishi wa zamu na kuna simu. Seti moja katika kila mizani, kabari za kutosha, mitungi iliyojaa na watumishi wawili au watatu waliofunzwa kwa kila zamu, ingekuwa karibu na ajali nyingi kuliko kituo cha zimamoto kilichoko mjini.

La pili ni mafunzo kwa wanaofika kwanza. Vijana wa bodaboda na utingo ndio zimamoto yetu ya kweli, hata kama hakuna aliyewapa sare. Siku moja ya mafunzo ingewatosha kujifunza kuzuia magurudumu, kujaza mbao kila gari linapopanda, kutoingia chini ya kilichoinuliwa, na kutomvuta majeruhi kwa mkono kama gunia. Chama cha bodaboda kinachochangisha fedha za mazishi ya wenzao kinaweza pia kupanga siku hiyo moja.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe hapa London. Kila mwezi wenzetu wanapakia makontena kwenda Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Tunapeleka magari yaliyotumika, friji, makochi na televisheni. Tunapeleka magari, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kupeleka kitu cha kumtoa mtu chini ya gari? Vyama vyetu vya watu wa mji mmoja au wilaya moja vinachangishana kwa misiba kwa haraka ya kusifiwa. Kiasi kinachotumika kurudisha miili michache nyumbani kingeweza kununua seti moja na kumlipia mkufunzi nauli.

Lakini tuwe waangalifu. Mfuko wa uokoaji ni mpira, na mpira huzeeka. Watengenezaji huweka tarehe ya mwisho ya matumizi, na vikosi vya hapa huitupa mifuko iliyopitwa na tarehe hiyo hata kama kwa macho inaonekana mizuri. Mtu akikuambia amepata mifuko ya zimamoto kwa bei ya kutupa, soma tarehe kwanza, kisha ulize mara ya mwisho ilipimwa lini. Kupeleka kwetu kifaa ambacho Mwingereza anaogopa kukitumia si msaada. Vilevile tusinunue ile mifuko ya moshi wa ekzosi tukidhani tumenunua ya uokoaji. Hiyo ni ya kutoa gari kwenye tope, iachwe kwa kazi yake. Na tusipeleke chochote bila kukubaliana kwanza na watakaokitumia, kwa maana vifaa vinavyofungiwa stoo vikisubiri mgeni rasmi wa kuvikabidhi havijawahi kumwokoa mtu.

Tunarudi Hoe Street. Yule mtu alikuwa na bahati: ilikuwa mtaani penye watu wengi, na kila mmoja alikubali kuchafua mikono kwa ajili ya mtu asiyemjua. Sisi tunaijua bahati hiyo kwa sababu tumelelewa nayo. Lakini kwenye mteremko wa Kitonga saa nane za usiku hakuna watu mia moja. Huenda wako watatu: dereva wa lori lililokuwa likifuata, utingo wake, na mzee aliyetoka nyumbani na kurunzi. Watatu hao, wakiwa na mfuko mmoja wa upepo na mbao za kutosha, wanaweza kufanya kile walichofanya wale mia. Bila hivyo watabaki kumshika mkono aliyebanwa na kumwambia avumilie, gari la kuvuta linakuja.